Gari la michezo: Lenye paa la kufunguka au lisilofunguka?

MNUNUZI wa gari la michezo hukutana na swali ambalo mnunuzi wa gari la familia halimsumbui hata kidogo. Je, alichukue lenye paa linalofunguka au kuondolewa, au lile ambalo paa lake limeungana na bodi moja kwa moja?

Wengi hulichukulia swali hilo kuwa la mapambo tu. Wapo wanaoamini kuwa paa la kufunguka ni la watu wa starehe, na lisilofunguka ni la madereva hodari. Hata hivyo, paa la gari halifanani na kofia ambayo mtu huvaa na kuvua akabaki yule yule. Ni sehemu ya mifupa ya gari, na anayeliondoa hulazimika kulipia mahali pengine, ama kwa uzito, ama kwa fedha, ama kwa matengenezo.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi jambo hilo lina uzito zaidi. Mara nyingi gari la aina hii huagizwa Japani likiwa limetumika, na mnunuzi huliona katika picha tu. Akikosea kuchagua, hugundua kosa lake gari likiwa limekwisha kushushwa bandarini na ushuru umekwisha kulipwa.

Paa ni mfupa wa gari

Mfano rahisi ni boksi la viatu. Likiwa na mfuniko uliobandikwa kwa gundi, mtu akilishika ncha mbili na kujaribu kulisokota, halikubali. Mfuniko ukiondolewa, boksi lile lile hupinda kwa nguvu kidogo ya mikono. Gari nalo ni hivyo. Sakafu, nguzo za kioo cha mbele, nguzo za nyuma na paa huunda kasha moja, na kila sehemu huisaidia nyingine kubeba mzigo wakati gari linapokata kona au gurudumu moja linapotumbukia shimoni.

Bodi inapojisokota, hata kwa kiasi kidogo, springi na shokapu hazifanyi kazi katika pembe zilizopangiwa. Dereva huhisi usukani ukitetemeka na kioo cha mbele kikicheza kila barabara inapokuwa mbovu.

Kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilitoa mfano mzuri mwaka 2005 ilipoleta gari la Cayman, lililojengwa juu ya msingi wa Boxster, ambalo ni gari la wazi lililoanza kuuzwa mwaka 1996. Kwa kupewa paa la chuma lisilofunguka, bodi ya Cayman ilikuwa na ugumu unaozidi maradufu ule wa Boxster.

Marekani nako, Chevrolet Corvette la mwaka 1999 liliuzwa kwa namna tatu: lenye turubai, lenye kipande cha paa kinachotolewa kwa mkono, na lenye paa lisilofunguka. Hilo la tatu lilikuwa gumu kwa asilimia 12 kuliko lile la kipande cha kutolewa. Mwaka 2001 lilipotoka toleo kali la Z06, lenye nguvu za farasi 385, watengenezaji walilipa paa lisilofunguka.

Kwa nini tofauti iwe zaidi ya maradufu kwa Porsche na asilimia 12 tu kwa Corvette? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba mafundi wa Corvette walilichora gari hilo tangu mwanzo wakijua kuwa litatumika bila paa. Walitia nguvu kwenye mihimili ya sakafuni na kwenye mtaro wa katikati, ili paa lisiwe na kazi kubwa ya kubeba. Isitoshe, hata gari walilolinganisha nalo lilibaki na fremu kuzunguka kipande kinachotolewa.

Waliozaliwa wazi na waliokatwa

Hapo ndipo lilipo swali ambalo wanunuzi wengi husahau kuliuliza. Kabla ya kujua kama paa linafunguka, ni vyema kujua kama gari lenyewe lilibuniwa likiwa wazi au lilikuwa na paa kisha likakatwa. Gari lililokatwa huongezewa vyuma chini ili kufidia nguvu iliyopotea juu. Kwa sababu hiyo, gari ambalo mtu angedhani limepungua uzito kwa kukosa paa huwa zito kuliko ndugu yake mwenye paa.

Mazda MX-5, ambalo Wajapani hulijua kwa jina la Roadster, ni mfano wa gari lililozaliwa wazi. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwaka 1989, na ilipofika mwaka 2016 yalikuwa yamekwisha kutengenezwa magari milioni moja ya aina hiyo. Tangu toleo la kwanza lina kiunzi kinachounganisha giaboksi na difu, hivyo mitambo yake hukaa kama uti mmoja wa mgongo.

Toleo lake la nne, lililoingia sokoni mwaka 2015, lilikuwa na uzito wa kilo 990 katika aina yake nyepesi kabisa huko Japani. Mwishoni mwa mwaka 2016 Mazda iliongeza aina ya RF, yenye paa gumu linalofunguliwa kwa mota za umeme kwa takriban sekunde 13. Huko Japani RF ilianzia kilo 1,100, ingawa sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na injini yake ya lita 2.0, ilhali lile la turubai lilikuwa na injini ya lita 1.5.

Kwa upande wa paa lisilofunguka, gari linalokaribiana nalo kwa bei na tabia ni Toyota 86, lililotengenezwa kwa ushirikiano na Subaru na kuanza kuuzwa mwaka 2012. Lina uzito wa takriban kilo 1,200, viti viwili vidogo nyuma, na viti hivyo vikilazwa hupatikana nafasi ya kutosha mizigo. Toyota ilionyesha sampuli ya gari hilo isiyo na paa mjini Geneva mwaka 2013, lakini haikuingia sokoni.

Yapo mapaa ya aina tatu

Paa la kufunguka nalo lina aina zake. La kwanza ni la turubai, ambalo ni jepesi, rahisi na hufunguliwa hata kwa mkono mmoja. Ubaya wake ni kwamba kisu hulichana, jua hulikausha na kelele za nje hupenya.

La pili ni la chuma linalojikunja lenyewe. Likifungwa huleta utulivu unaokaribia ule wa gari la kawaida, lakini lina mota, waya na vifaa vya kuhisi ambavyo fundi wa mtaani huenda hajawahi kuvigusa. Kimoja kikiharibika paa linaweza kugoma katikati, nusu wazi na nusu limefungwa, wakati wingu la mvua linakuja.

La tatu ni kipande kinachotolewa kwa mkono, aina ambayo Porsche iliitambulisha mwaka 1965 kwa jina la Targa. Nguzo za nyuma hubaki, hivyo gari halipotezi nguvu nyingi. Ila kipande hicho lazima kiwe na mahali pa kuhifadhiwa. Katika Corvette linalouzwa tangu mwaka 2020 huwekwa ndani ya buti la nyuma, na safari ya wazi huwa pia safari ya mizigo michache.

Vipi kuhusu usalama?

Hofu ya wengi ni gari kupinduka. Hofu hiyo ina msingi, kwani paa la chuma huzuia uzito wa gari usimfikie abiria. Kutokana na hilo, magari ya wazi ya kisasa hutiwa matao ya chuma nyuma ya viti na nguzo imara za kioo cha mbele.

Hata hivyo, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayogharimiwa na kampuni za bima ilitoa mwaka 2020 matokeo yaliyowashangaza wengi. Ikichunguza magari yenye umri wa mwaka 1 hadi 5, iliona kuwa yenye paa la kufunguka yalipata ajali pungufu kwa asilimia 6 kwa kila maili iliyoendeshwa, na vifo vya madereva vilikuwa pungufu kwa asilimia 11. Lakini miongoni mwa madereva waliofariki, asilimia 21 ya wale wa magari hayo walirushwa nje, ikilinganishwa na asilimia 17 ya wale wa magari ya kawaida.

Takwimu hizo hazimaanishi kuwa kukosa paa kunamlinda mtu. Zinachofundisha ni kwamba katika gari la wazi mkanda hauna mbadala.

Jua, mvua na chumvi

Kwa mkazi wa Pwani hesabu ya hali ya hewa ni tofauti na ya Ulaya, ambako gari la wazi hungojewa kama kiangazi. Dar es Salaam jua la saa sita mchana humlazimisha mwenye gari hilo kufunga paa na kuwasha kiyoyozi. Kwenye foleni, aliye wazi huvuta moshi wa malori na kumweka karibu kila mwenye mkono mwepesi. Saa zake nzuri ni alfajiri, jioni na usiku. Nairobi, yenye jua la upole zaidi, humpa saa nyingi za kufurahia, ingawa miezi ya Juni na Julai ina baridi.

Mvua za masika na vuli ndizo zinazofichua udhaifu. Magari mengi ya wazi yana mifereji midogo ya kupitisha maji nyuma ya viti. Majani yakiiziba, maji hujaa na kuoza chuma kutokea ndani. Katika matoleo ya awali ya MX-5 kutu ya namna hiyo ni ugonjwa unaojulikana. Hewa ya chumvi ya baharini huongeza kasi yake.

Kabla ya kulipa

Anayenunua gari lililopo nchini na alimwagie maji ya bomba juu ya paa kwa dakika kumi, kisha apapase chini ya zulia. Alifungue na kulifunga paa mara kadhaa, alipitishe gari kwenye tuta polepole na kusikiliza milio. Milango ambayo mianya yake hailingani ni dalili ya bodi iliyopinda.

Anayeagiza Japani na adai karatasi ya ukaguzi wa mnada. Daraja la R au RA huashiria gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kwa gari la wazi hiyo ni sababu ya kutosha kuachana nalo, kwa kuwa sakafu iliyopinda haina paa la kuisaidia. Umri pia uzingatiwe: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na Tanzania hutoza magari makuukuu ushuru wa ziada wa uchakavu.

Kwa muhtasari, mwenye gari moja tu, anayeliacha nje usiku na kwenda nalo kazini kila siku, atahudumiwa vyema na paa lisilofunguka. Mwenye banda la kuliegesha, gari jingine la shughuli na fundi anayemwamini hana sababu ya kuogopa paa la kufunguka, mradi achague gari lililozaliwa hivyo. Na anayesita kati ya mawili na ajiulize ni siku ngapi kwa mwezi atalifungua kweli. Jibu likiwa siku moja au mbili, starehe hiyo ataipata kwa bei ndogo zaidi kwa kushusha vioo.