Haradali, ukungu na mlinzi wa geti

Jumapili iliyopita hapa Smithfield nilikuwa nakaanga vitunguu vya sukuma wiki. Binti yangu wa darasa la tisa akainua chupa ya mafuta: "Mama, mwalimu anasema kanola inabadilishwa jeni ili isiugue. Haya tunayokula ndiyo hayo?"

Swali hilo linahitaji kujibiwa polepole.

Kwanza, kanola na sukuma wiki ni ndugu. Zote ni za ukoo wa haradali, pamoja na kabeji. Hapa New South Wales kanola iliyobadilishwa jeni iliruhusiwa kulimwa kibiashara mwaka 2008, lakini jeni iliyotiwa ilikuwa ya kuvumilia dawa ya kuua magugu, si ya kuzuia ugonjwa. Na sheria ya Australia hailazimishi kuandika kwenye chupa ikiwa mafuta yamesafishwa hadi hayana tena DNA wala protini hiyo mpya. Kwa hiyo huwezi kujua kwa kusoma lebo tu.

Ugonjwa wenyewe upo, tena mkali. Ukungu uitwao Leptosphaeria maculans hukaa kwenye mabua ya msimu uliopita. Mvua ikinyesha, hurusha mbegu zake hewani, zikaingia kwenye majani, kisha ukungu ukashuka hadi sehemu ya chini ya shina. Shina huoza, likawa jeusi, mmea ukaanguka. Wazalishaji wa mbegu walipambana nao kwa njia ya kawaida ya kuchanganya aina za mimea, wakapata mbegu iliyoitwa Surpass 400. Wakulima waliipenda sana. Mwaka 2003, miaka michache tu baada ya kutoka, kinga yake ilivunjika kwenye Rasi ya Eyre, Australia Kusini, na mashamba yakaharibika vibaya.

Kwa nini? Jeni ya kinga ni kama mlinzi wa geti anayemjua mwizi kwa sura. Siku mwizi akibadili sura, anapita akisalimiwa. Surpass 400 ilimtegemea mlinzi mmoja mkuu.

Watafiti wa jeni nao wamejaribu. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jeni iitwayo WRR4. Ilitolewa kwenye arabidopsis, kigugu kidogo cha ukoo huohuo, ikatiwa kwenye haradali na kanola. Mimea hiyo ilistahimili kutu nyeupe, ugonjwa wa kimelea kinachofanana na ukungu. Ni hatua nzuri, lakini mlinzi akiwa mmoja, hadithi ya Eyre inaweza kurudi, hata kama ametoka maabara.

Hapo nikamkumbuka shangazi yangu, anayelima viazi Nyandarua. Kila msimu wa mvua hunipigia simu: majani yamekauka, naomba hela ya dawa. Ugonjwa huo nao huletwa na kimelea kinachofanana na ukungu. Kule Uganda, Kituo cha Kimataifa cha Viazi na watafiti wa NARO wamefanyia majaribio kiazi cha Victoria kilichotiwa jeni tatu kutoka viazi pori vya Amerika. Walinzi watatu kwa pamoja. Kimelea kikitaka kupita, lazima kiwadanganye wote.

Kwa hiyo shangazi akiniuliza siku moja kama anunue mbegu ya aina hiyo, sitamwambia ndiyo wala hapana kwa haraka. Nitamwambia aulize: wametia jeni gani? Inafanya kazi gani? Kinga ni ngapi? Nami nitaongeza: usipande viazi shamba lilelile kila msimu, maana hakuna mbegu inayoondoa kazi hiyo.

Binti alisikiliza, akaandika kwenye daftari, kisha akauliza la maana zaidi: "Sasa ugali uko tayari?"