Rafiki wa Seminari Asingoje Matanga

Wengi hudhani kwamba kijana aliyetoka seminari bila kuupata upadri amekatika na wenziwe kama tawi kavu. Dhana hiyo ni potovu. Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka wa 1563 kwamba kila jimbo liwe na seminari, lakini haukuahidi kwamba kila aingiaye atafika altareni. Walioachia njiani ndio walimu, mawakili na wafugaji tunaopishana nao kila siku.

Sisi wa darasa letu tumetawanyika kando ya barabara ya Namanga. Baadhi wamejenga Kitengela, mji uliofura tangu viwanda vya bidhaa za kuuza nje vilipoanzishwa Athi River miaka ya 1990. Wengine wako Isinya, na wengine Kajiado mjini na vijiji vyake vya ndani. Wawili ni mapadri. Tuna chama na mweka hazina, na kila mwezi mchango hutumwa kwa simu. Afiwapo mmoja wetu, fedha hupatikana kabla ya jua kutua. Kwa hilo nawasifu wenzangu bila kusita.

Liko jambo linalonikereketa, hata hivyo. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 2020, mwenzetu mmoja, mfugaji wa upande wa Kajiado, alipoteza karibu ng'ombe wake wote. Alipoomba msaada alijibiwa, kwa upole na kwa maandishi, kwamba katiba yataja kifo cha mzazi, mke na mtoto, haitaji ng'ombe. Wachache tulimtumia kidogo kutoka mifukoni mwetu. Chama chenyewe hakikutoa hata senti.

Ndugu msomaji, katiba hiyo iliandikwa Kitengela, na watu wa mshahara. Kwao ng'ombe akifa ni hasara. Kwa mwenzetu, ng'ombe ndiye benki, ndiye karo, ndiye heshima yake mbele ya rika lake. Tungemchangia jeneza, lakini hatukuweza kumchangia mtamba!

Wamaasai wana uhusiano uitwao osotua, neno ambalo asili yake ni kamba ya kitovu. Walioungana hivyo huombana tu wanapohitaji kweli, tena kiasi kinachotosha haja, na aliye nacho hutoa bila kuhesabu deni. Mwenzetu amelelewa katika desturi hiyo. Alipopiga simu Kitengela hakuwa akiomba sadaka. Alidhani anazungumza na ndugu.

Hoja ya mweka hazina si ya kupuuzwa: mfuko usio na mipaka hukauka. Ndiyo maana nimependekeza fungu la pili, dogo, lisilohusu mazishi. Litamfaa aliyeachishwa kazi, mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na aliyefiwa na mifugo. Litamfaa padri pia. Padri hana mke wala mtoto. Kwa katiba ya sasa, akishawazika wazazi wake hana tena la kuchangiwa mpaka siku yake mwenyewe. Ajabu ni kwamba mapadri wetu wawili hawajawahi kulalamika, na michango yao haichelewi.

Pendekezo hilo litajadiliwa katika mkutano ujao. Nimeomba ufanyike Kajiado, wala si Kitengela kama ilivyo ada, ili safari hii nauli ya matatu ilipwe na walioiandika katiba.