Kina cha Maji Rufiji na Kanuni ya Majeshi

Vijana wetu wanaocheza Age of Empires na michezo mingine ya vita vya zama za kati hujifunza mapema kwamba hakuna askari aliye hodari kwa dhati yake, bali kila mmoja ana hasimu wake, mwenye mkuki akimzuia mpanda farasi, mpanda farasi akimkanyaga mpiga mshale, na mpiga mshale akimwangusha mwenye mkuki kabla hajamfikia. Na amiri aliyejaza jeshi la namna moja tu, ijapokuwa ndiyo namna iliyo ghali kuliko zote, hushindwa na fakiri aliyechanganya kwa busara.

Kanuni hiyo ilidhihirika katika delta ya Rufiji, iliyo leo katika wilaya ya Kibiti, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ingawa mikuki ilikwisha kupitwa na wakati. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuiangamiza Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha mikokoni karibu na Salale, na manowari kubwa za Waingereza, kwa kuwa zilikula maji mengi, zikabaki nje miezi na miezi zikilinda milango ya mto zisiweze kuingia. Ndipo vikaletwa vyombo viwili, Severn na Mersey, vilivyoundwa kwa mito ya Brazil na kula maji kiasi cha futi 6 tu, pamoja na ndege kutoka kisiwani Mafia za kutazama makombora yanakoangukia. Tarehe 6 Julai 1915 Waingereza walirudishwa, maana Wajerumani nao walikuwa na watazamaji waliofichwa ufukoni. Tarehe 11 wakarejea, ndege ikapigwa, na hali inashuka marubani wakaendelea kuashiria, hata mizinga ikalipata shabaha yake. Kapteni Looff wa Königsberg akailipua meli yake mwenyewe. Sioni hapo silaha hata moja iliyoshinda peke yake.

Lakini michezo hiyo huacha jambo ninaloliona kuwa dhuluma kwa tarikhi yetu: kiooni jeshi huvuka mto na jangwa pasina wa kubeba unga wala risasi. Vitani haikuwa hivyo: mizinga 10 ya Königsberg ilitolewa majini, ikafikishwa Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu na kuburutwa vitani nchi kavu. Na pande zote mbili wapagazi walikuwa wengi kuliko wapiganaji, wakafa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mtengenezaji atakayeviingiza vita hivi katika mchezo na amweke kwanza mpagazi, mwenye tumbo la kulishwa na mgongo unaochoka, kisha ndipo amhesabu askari.