Agizo la Bwana na Shauri la Mtu



Somo la pili la Jumapili ya 4 ya Mwaka B latoka katika sura ya 7 ya Waraka wa Kwanza wa Mtakatifu Paulo kwa Wakorintho. Wakristo wa Korintho walikuwa wamemwandikia Mtume juu ya mambo ya ndoa, naye awajibu. Katika aya ya 10, akikataza mke na mume kuachana, asema kwamba agizo hilo si lake bali ni la Bwana. Katika aya ya 12, juu ya muumini aliyeoana na asiyeamini, asema kwamba sasa anenaye ni yeye, si Bwana. Na katika aya ya 25, juu ya mabikira, akiri kwamba hana amri ya Bwana, ila atoa shauri lake. Mtume hakuona haya kuyapambanua hayo.

Sisi mara nyingi twayachanganya. Mama aliyeachwa na mumewe, aishiye peke yake na wanawe, amwendea katekista au mzee wa jumuiya kuuliza kama aweza kukomunika. Naye ajibiwa kwa sauti ya sheria: “Ndoa yako imevunjika, Kanisa halikuruhusu.” Mama huyo aweza kukaa miaka mingi bila Ekaristi kwa neno ambalo Kanisa halikulisema. Papa Yohane Paulo II, katika wosia wake juu ya familia wa mwaka 1981, Familiaris Consortio, namba 83, alifundisha kwamba aliyeachwa, asiyeingia katika muungano mwingine, hazuiliwi Sakramenti kwa sababu hiyo. Yampasa tu, kama sisi sote, kuwa katika hali ya neema.

Wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu laweza kuvunjika pia kwa kusikia la mkuu anenaye asilolijua.

Basi, tunapoombwa shauri, tujiulize kwanza: neno hili ni fundisho la Kanisa, ni jambo tulilolishuhudia, au ni mawazo yetu tu? Likiwa fundisho, tuonyeshe lilipoandikwa. Likiwa mawazo yetu, tuseme hivyo waziwazi. Tusipojua, tumpeleke muulizaji kwa Paroko.

Wala tusiogope kutoa maoni. Shauri ni mojawapo ya mapaji 7 ya Roho Mtakatifu, na Paulo mwenyewe, katika aya ya 40, aamini kwamba hata atoapo maoni yake anaye Roho wa Mungu. Tumwombe Roho huyo atujalie kushauri kwa upendo na kweli. Amina.