Nabahani: Jina la wafalme lililobaki kwa wachache

Msichana mmoja wa kidato cha pili, binti ya jirani yangu hapa Nairobi, alinijia Jumamosi moja na daftari lake la Kiswahili. Alikuwa ameandika neno "runinga" na kando yake jina la aliyelibuni, Ahmed Sheikh Nabhany. Nilidhani amekuja kuuliza juu ya runinga. La hasha!

"Anko," akasema, "Nabhany ni watu wa wapi? Shule yetu nzima haina Nabhany hata mmoja."

Nilicheka, lakini kicheko kikaishia kooni. Darasani mwake wamo akina Otieno, Mwangi, Mutua na Wanjala wasiohesabika. Akina Mohamed na Abdalla pia wapo. Nabhany hayupo, na mimi niliyekula chumvi kidogo kuliko yeye sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo. Nikamwomba anipe juma moja.

Tuanze na maana, kwani hapo kuna jambo la kufurahisha. Jina hili linatokana na neno la Kiarabu, Nabhan, ambalo shina lake ni la kuwa macho, kuzinduka na kutambulika miongoni mwa watu. Usidhani shina hilo ni geni kwetu. Mtu anapogutuka na kuelewa jambo, husemwa kwamba ametanabahi. Na kila mwanafunzi aliyewahi kuandika "tanbihi" chini ya ukurasa ametumia neno lililo ndugu wa damu na jina hili. Ile "i" ya mwisho ni ya kuonyesha asili, kama ilivyo katika jina Shirazi. Basi Nabahani ni mtu wa ukoo wa Nabhan.

Tahajia yake ndiyo huwachanganya wengi. Waarabu hutamka "b" na "h" zikiwa zimeshikana. Ulimi wa Mswahili haupendi konsonanti zisongamane hivyo, ukapachika "a" katikati, na Nabhani akawa Nabahani. Wengine huandika Nabhany, wengine Nabahany, na wale wanaofuata Kiarabu huandika an-Nabhani, kwa sababu "l" ya "al" humezwa na "n" inayofuata. Ukimtafuta mtu wa ukoo huu katika faharasa ya kitabu, usichoke upesi. Tazama kwenye N, kisha urudi kwenye A.

Kutoka Bahla hadi Pate

Huko Oman jina hili si haba hata kidogo. Wanabahani walitawala sehemu za bara za nchi hiyo kuanzia karne ya 12, na makao yao makuu yakawa mji wa Bahla. Ngome yao kubwa ya udongo ingali imesimama, na mwaka wa 1987 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Enzi yao ilikoma Imamu Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaarubi alipotwaa uongozi mwaka wa 1624.

Hapa yafaa tuwe waangalifu. Kaskazini mwa Bara Arabu kulikuwa na Nabhan wengine, wa kabila la Tayy, ambao si wale wa Oman. Kwa hiyo ukikutana na Nabhani wa Palestina, kama yule mwanachuoni Yusuf al-Nabhani aliyefariki mwaka wa 1932, si lazima awe binamu wa mfalme wa Pate. Majina hufanana kama vile Kamau wa Murang'a na Kamau wa Nakuru wanavyofanana.

Je, jina lilifikaje kwetu? Historia ya Pate, ambayo wazee waliisimulia kwa vinywa na Wazungu wakaiandika mwanzoni mwa karne ya 20, inasema kwamba Sulaiman bin Sulaiman wa ukoo wa Nabahani alifika Pate mwaka wa 600 Hijria, yaani 1203 au 1204 Miladi. Alimwoa binti wa mfalme wa mji. Siku ya saba akaenda kumwamkia baba mkwe wake, na huyo mzee akamkabidhi ufalme uwe zawadi ya harusi! Wakwe wa siku hizi hutoa seti ya sufuria.

Wataalamu hawakuimeza hadithi hiyo nzima nzima. Mwaka wa 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick aliandika kwamba tarehe hizo zimerudishwa nyuma mno, na kwamba Wanabahani walifika karne nyingi baadaye. Uchimbaji uliofuata ulionyesha kwamba mji wenyewe ni wa kale kuliko alivyofikiri. Lakini mji kuwa mkongwe si sawa na ukoo kuwa mkongwe ndani yake. Kwa maoni yangu, hadithi ya harusi ina ukweli mmoja mkubwa: jina liliingia Pate kwa ndoa, likakaa juu ya watoto waliozaliwa na mama wa Pate na waliokua wakizungumza Kiswahili. Ndiyo maana baadhi ya wafalme wao hawakuitwa kwa majina ya Oman. Waliitwa Bwana Mkuu, Bwana Tamu, Fumomadi na Fumo Luti. Na katika karne ya 18 mji huo ulitawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija.

Mwaka wa 1728 Bwana Mwengo aliandika Utendi wa Tambuka kwa ajili ya mfalme wa ukoo huu, na utendi huo ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi tuliyo nayo. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu ingali inatazamwa katika Makumbusho ya Lamu.

Kisha mambo yakaharibika. Yapata mwaka wa 1812 Pate na Wamazrui wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Magofu ya majumba ya Pate ndiyo yaliyomliza Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi. Mnamo karne hiyo ya 19 Ahmed, aliyeitwa Simba, alikwenda kuanzisha ufalme mpya Witu, bara. Wajerumani wakautia chini ya ulinzi wao mwaka wa 1885, kisha kwa mkataba wa Julai 1, 1890, wakawaachia Waingereza. Septemba Wajerumani kadhaa waliuawa huko, na mwezi uliofuata jeshi la wanamaji la Uingereza likauchoma moto mji wa Witu.

Visanduku vitatu

Mtu aweza kudhani kwamba jina liliungua pamoja na Witu. Sivyo. Jina la ukoo Pwani hutajwa harusini, mazishini, na pale mzee anapomsimamisha kijana njiani na kumwuliza, "Wewe ni wa nani?" Lakini katika karatasi za serikali wengi huandikisha majina matatu tu: la mtoto, la baba na la babu. La ukoo hubaki nje ya karatasi. Watoto wawili wakiandikishwa hivyo, kisha wajukuu, jina hutoweka katika madaftari ilhali damu ipo.

Marehemu Nabhany aliliandika lake. Alizaliwa Matondoni, kisiwani Lamu, mwaka wa 1927 na kufariki mwaka wa 2017. Alitunga Sambo ya Kiwandeo, utenzi juu ya uundaji wa jahazi uliochapishwa mwaka wa 1979, na Umbuji wa Mnazi wa mwaka wa 1985, akiyahifadhi maneno ya mafundi na wakulima yasije yakazikwa nao. Hakupenda kuazima neno kabla ya kupekua sandukuni mwa lugha yenyewe. Runinga aliipata kwa kuunga "rununu", neno la sauti, na "maninga", neno la kale la macho. Kwa Wakenya wengi, yeye ndiye Mnabahani wa pekee wanayemjua kwa jina.

Nilimsimulia msichana haya yote juma lililofuata, babake akiwa ameketi papo hapo na gazeti lake. Alipomaliza kuandika, akamgeukia mzee: "Na sisi, baba? Ukoo wetu unaitwaje?"

Babake alikunja gazeti. Jina la ukoo alilitaja bila kusita, lakini maana yake hakuijua, wala jina la babu wa babu yake. Jioni hiyo nilimsikia kupitia ukutani akipiga simu kwao Butere.