Dozi Kaimaliza, Homa Haikutoka: Funzo la Kibera kwa Sisi wa Pwani



Mpwa wangu anakaa Kawangware, Nairobi, katika kutafuta riziki. Usiku mmoja alinipigia simu, sauti imemkauka. "Shikamoo mjomba. Hii homa haitoki." Nikamuuliza amekunywa dawa gani. Akaniambia alinunua vidonge vya siku saba duka la dawa, na amevimeza vyote kwa wakati, hakubakisha hata kimoja.

Sisi watu wa kutoa nasaha kauli yetu huwa moja: "Hukumaliza dozi." Safari hii sikuwa na la kusema. Kijana alimaliza.

Alhamdulillahi, alipelekwa hospitali, damu yake ikaoteshwa maabara, ikaonekana ana taifodi, yaani homa ya matumbo, na ni taifodi ambayo ile dawa ya kwanza haiiwezi. Akabadilishiwa dawa, akapona. Lakini aliniachia swali: "Mjomba, mimi nilikosea wapi?"

Jibu ni kwamba katika kumeza dawa hakukosea. Bakteria waliomwingia walikuwa sugu kabla hawajafika mdomoni mwake.

Tuelewane hapa, maana wengi hudhani mwili ndio unaozoea dawa. Sivyo. Wanaozoea ni bakteria. Dawa ikiingia, walio dhaifu hufa. Akibaki mmoja mwenye uwezo wa kuikwepa, huyo ndiye anayezaa, na watoto wake hurithi uwezo ule. Tena bakteria hupeana uwezo huo wenyewe kwa wenyewe: kipande kidogo cha vinasaba hutoka kwa mmoja kikaingia kwa mwingine, hata kama si wa aina moja. Kwa hivyo mtu anaweza kuugua ugonjwa usiosikia dawa ambayo yeye hajaionja maishani mwake.

Haya yamechunguzwa Nairobi kwa hesabu. Kuanzia 2007 hadi 2009, taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, pamoja na CDC ya Marekani walifuatilia familia za Kibera, katika vijiji vya Gatwekera na Soweto. Wahudumu walipita nyumba hadi nyumba kuuliza nani anaumwa, na wenye homa walichukuliwa damu katika Kliniki ya Tabitha ili ioteshwe. Kazi kama hiyo ilifanywa pia Lwak, mashambani kando ya Ziwa Viktoria.

Kwa asiyeijua, Kibera ni makao ya zamani ya Wanubi, Waislamu wenzetu, na jina lake kwa lugha yao ni msitu. Leo msitu huo ni wa mabati.

Matokeo yake yalikuwa haya: Kibera, taifodi iliyothibitishwa maabara ilikuwa wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Lwak walikuwa 29. Na hao ni waliofika kliniki tu. Idadi kamili ni kubwa zaidi kote kuwili. Walioumia zaidi Kibera ni watoto wa chini ya miaka 10. Na takriban robo tatu ya bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa kadhaa.

Profesa Samuel Kariuki, wakati huo akiwa KEMRI, mtaalamu wa mikrobiolojia aliyechunguza taifodi ya Kenya kwa miaka mingi, alieleza na wenzake mwaka 2010 kwamba sehemu kubwa ya taifodi sugu nchini inatokana na ukoo mmoja wa bakteria, uitwao H58, ambao umeenea pia Asia ya Kusini-Mashariki. Taifodi sugu ya namna hii hazisikii dawa tatu za zamani zilizokuwa rahisi kupatikana: ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, ile tunayoiita Septrin. Hizo zikishindwa, daktari hupanda kwenye siprofloksasini, kisha seftriaksoni ya sindano. Kila ngazi ina bei yake. Na huko Sindh, Pakistan, tangu 2016 imezuka taifodi iliyovuka hata ngazi hiyo ya sindano.

Sasa mbona Kibera izidi mashambani namna ile, na maduka ya dawa yako kote? Tazama maji. Mabomba ya plastiki hupita ndani ya mitaro ya majitaka. Maji yakikatika, bomba lenye ufa huvuta uchafu ndani. Yakirudi, uchafu ule hufika kwenye ndoo. Kawangware kwa mpwa wangu, hali ni ndugu na hiyo. Taifodi husafiri kwa kinyesi cha mtu kwenda kinywani mwa mtu, na bakteria sugu husafiri kwa njia iyo hiyo.

Mwaka 2021 Sylvia Omulo na watafiti wenzake walichapisha uchunguzi mwingine wa Kibera, juu ya bakteria sugu wanaokaa matumboni mwa watu hata wasioumwa. Waliona kuwa kuwabeba bakteria hao kunahusiana na mazingira, yakiwemo mvua na hali ya usafi. Kwa maneno mengine, kuwahimiza watu wapunguze dawa ni sawa, lakini peke yake hakutoshi pale ambapo mtu hunywa usugu wa jirani yake kila siku.

Ndugu yangu wa Pwani, usiseme hayo ni ya bara. Visima vyetu vingapi vimechimbwa hatua chache kutoka shimo la choo? Masika yakishuka, maji ya mtaroni huenda wapi? Sisi ni watu wa twahara. Tunajua maji ya kutawadhia yana masharti yake. Ya kunywa je?

Basi tufanye yaliyo mikononi mwetu. Maji ya kunywa tuyachemshe au tuyatie klorini, hata yakiwa meupe. Mikono tuioshe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Dawa za bakteria tusinunue vidonge viwili vitatu kwa kukisia, tusimpe mtoto mabaki ya kaka yake, na dozi tuliyoandikiwa tuimalize. Kisa cha mpwa wangu si ruhusa ya kuiacha njiani.

Homa ikiendelea, tumuulize daktari kama damu inaweza kuoteshwa. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana vituoni, hutafuta alama za kinga mwilini, na mtu aliyeugua zamani anaweza kuonekana mgonjwa leo. Matokeo yake ni watu kumezeshwa dawa za taifodi wasiyokuwa nayo.

Na chanjo ipo. Julai 2025 Kenya ilifanya kampeni ya chanjo ya taifodi kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Ambaye mwanawe alipitwa, aulize kituo cha afya kilicho karibu.

Lakini lipo lisilokuwa mikononi mwetu. Mama wa Kawangware hawezi kuhamisha bomba kutoka mtaroni, wala wa Kisauni hawezi peke yake kujenga mfereji wa majitaka. Hiyo ni kazi ya kaunti na serikali. Wanapokuja kutuambia wameleta dawa zahanati, tuwashukuru, kisha tuwaulize bomba la maji safi liko wapi. Bila hilo, dawa mpya tutazipokea, na bakteria watazizoea kama walivyozizoea za kwanza.

Mpwa wangu nimemjibu: hukukosea kumeza. Kilichokukosea ni maji.