Picha za Maafa: Namna ya Kugeuza Huruma Kuwa Kinga

Na Mwandishi Wetu, Singida

Asubuhi ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuukumba mji wa Katesh na vijiji jirani mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Muda mfupi baadaye, picha za nyumba zilizofukiwa zilikuwa zimeenea katika simu za wananchi nchini kote.

Kwa mkazi wa Kinampanda, wilayani Iramba, Hanang ni wilaya inayopakana na mkoa wake. Hata hivyo, aliyeyaona maafa hayo kwenye kioo cha simu alikuwa mtazamaji sawa na aliyekuwa Dar es Salaam. Je, picha hizo humwachia nini?

Nguvu ya picha haina shaka. Mwaka 1984, mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alirekodi njaa iliyowakumba wananchi wa Ethiopia huko Korem. Taarifa hiyo iliporushwa na BBC mwezi Oktoba, dunia ilishtuka, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid la kuchangisha fedha. Lakini kamera ilifika wakati watu walikuwa tayari wanakufa. Picha huwasaidia walionusurika, haiwarejeshi waliopotea.

Watafiti wa saikolojia, akiwemo Paul Slovic wa Marekani, wamebainisha kuwa binadamu huguswa zaidi na mtu mmoja anayemwona uso kuliko takwimu za maelfu. Idadi inapoongezeka, huruma inaweza kupungua badala ya kukua. Aidha, anayeona picha za kutisha mara kwa mara bila kuelezwa la kufanya huweza kuzizoea, au kuzikwepa kwa kuhisi kuwa hana uwezo.

Kwa hiyo, huruma hudumu inapopata kazi ya kufanya, na kazi hiyo ianzie karibu. Mkoa wa Singida hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na wakazi wake wamezoea kuhofia ukame kuliko mafuriko. Picha za Hanang zinakumbusha kuwa mvua nyingi nayo huua, hususan kwenye miteremko.

Mwananchi aliyeguswa anaweza kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na kumfikishia jirani asiye na simu. Anaweza kuuliza katika mkutano wa kijiji iwapo kamati ya maafa, inayotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, imeainisha maeneo hatarishi. Anaweza pia kuepuka kulima ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyoelekeza.

Kabla ya kusambaza picha, ni vyema kuhakiki mahali na tarehe ilipopigwa, na kulinda utu wa marehemu na majeruhi. Kila mwathirika ana ndugu ambao nao wana simu.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Picha ya maafa ya wengine hutimiza kazi yake pale inapomfanya anayeitazama ajiandae kabla mvua haijaanza kunyesha kwake.